Mashine Iliyokuja Yenyewe

Mimi ni mtu wa kinyaa na sioni aibu kusema. Kikombe chenye alama ya mdomo wa mtu mwingine sikinywei. Mtu akipiga chafya karibu na sahani yangu, sahani hiyo nimemwachia. Mke wangu husema nikifa nitaagiza nioshwe mara mbili, ya kwanza ya mazoezi. Acha aseme. Katika karakana yangu unaweza kulala sakafuni na shati jeupe ukaamka nalo likiwa jeupe vilevile, na nionyeshe seremala mwingine anayeweza kujisifu hivyo.

Kwa hiyo utaelewa hali yangu siku mjomba alipoivua turubai ile mashine yake na kuniambia, "Haya, mwanangu. Jionee."

Mjomba ni kaka yake mama, na ndiye aliyetufundisha useremala, mimi na kaka yangu. Bega lake la kulia lilikuwa limechoka kabisa, karakana alikuwa anaifunga, na vitu vyake alikuwa anaviuza kimoja kimoja. Mashine hiyo nilikuwa nimeitamani kwa miaka. Ni msumeno wa mviringo wa umeme, unaning'inia kwenye mkono mrefu wa chuma uliotoka kwenye nguzo ya nyuma. Ubao unaulaza mezani na kuushika kwa mkono wa kushoto, kisha kwa mkono wa kulia unauvuta msumeno ukujie, unakata, na unaurudisha kwenye nguzo. Ukiwa umepangwa sawasawa unakata mbao mia za urefu mmoja bila kukosea hata unene wa ukucha. Nami nilikuwa nimechukua kazi ya rafu za maktaba, mbao zaidi ya mia tatu, ambazo kwa msumeno wa kawaida ningezimaliza nikiwa babu.

Bei tulielewana kabla chai haijapoa. Tatizo lilikuwa uchafu, na uchafu wenyewe sijui niuelezeje.

Mjomba ameitumia mashine hiyo zaidi ya miaka ishirini na sidhani kama aliwahi kuipitishia hata kitambaa. Mafuta na unga wa mbao vilikuwa vimeshikana vikawa kitu laini cha kahawia, kama nta ya sikio, kimejaa kila pembe. Ukikichokoa kwa bisibisi kinatoka na nywele. Nywele za nani sijui, maana mjomba ana upara tangu nikiwa mdogo. Chini ya meza kulikuwa na safu ya makamasi yaliyokauka, kwa sababu mjomba akiwa kazini hatafuti kitambaa, anapenga kwa vidole na kupangusa popote palipo karibu. Ana tabia nyingine ya kutema mate juu ya ubao na kuyasugua kwa dole gumba ili mstari wa penseli uonekane vizuri. Pale alipokuwa akitemea miaka yote hiyo, meza ilikuwa imefanya doa jeusi linalonata. Ndani ya kifuniko cha mota panya walikuwa wamezaa, wakalea, wakahama, wakatuachia choo chao na mwenzao mmoja aliyekauka akiwa amekenua meno.

"Vumbi tu hilo," mjomba alisema aliponiona nimeziba pua. "Umelelewa kwenye vumbi hilohilo."

Nilikwenda kutapika nyuma ya karakana yake, nikanawa, nikarudi kumlipa.

Siku tatu nzima niliisafisha nje, uani, kwa mafuta ya taa, brashi ya waya na sabuni ya unga. Nilikuwa nimefunga kitambaa puani na nimevaa glavu mbili mbili. Mke wangu alinipitishia chakula dirishani kama mgonjwa wa kuambukiza. Binti yetu alikuwa akitoka shule anasimama mbali na kuniuliza kama leo nimekutana na ndugu wa yule panya. Alikuwa na miaka kumi na mitano, na ulimi wake ulikuwa na miaka arobaini.

Hapa inabidi nieleze kuhusu binti, maana habari yote hii mwisho wake ni yeye. Sikumzaa mimi. Ni mtoto wa kaka yangu. Miaka kumi na moja nyuma kaka alikuwa anafanya kazi kwa mjomba, kwenye mashine hiyohiyo, ikamkata vidole vitatu vya mkono wa kushoto. Mke wake alikuwa ameshafariki na mtoto alikuwa na miaka minne. Ukoo ulikaa kikao, ukaamua kwamba mwanamume anayeshika msumeno akiwa amelewa hawezi kuachiwa mtoto wa kike. Mama akambeba mjukuu wake akamleta kwangu, mimi na mke wangu, ambao hatukujaliwa mtoto. Tangu hapo ananiita baba. Aliyemzaa anamwita baba mkubwa.

Kila Jumapili kaka huja kutoka kwenye ghala anakolinda geti. Binti humpa shikamoo yake kama anavyompa mgeni yeyote, wanaulizana habari za masomo, kaka anakunywa chai, anaondoka. Mkono wa kushoto huwa mfukoni muda wote. Kikombe chake nilikuwa nakiosha peke yake, kwa maji ya moto, na sikuwa naficha.

Kwamba siku ile alikuwa amelewa halikuwa jambo la kubishaniwa. Mimi mwenyewe nilifika hospitali nikaipata harufu ya pombe nikiwa bado mlangoni mwa wodi. Mimi ndiye niliyempelekea mama habari.

Siku ya nne mashine ilikuwa inang'aa. Niliiingiza karakanani, nikaifungia msumeno mpya, nikarudisha kifuniko cha kukinga meno ambacho mjomba alikuwa amekitundika ukutani kwake kama picha ya harusi. Nikalaza ubao wa kwanza, nikaushika kwa kushoto, nikawasha.

Mkono wangu wa kulia ulikuwa bado haujafika kwenye mpini msumeno ulipoanza kuja. Haukuruka wala haukubadilisha sauti. Ulianza polepole, kisha ukashika kasi, ukateremka kwenye ule mkono wa chuma kama gari lililoegeshwa mlimani bila breki. Niliuondoa mkono wa kushoto bila kufikiri chochote. Ubao ukakatika vizuri kabisa, na msumeno ukagota mwisho wa chuma ukiendelea kuzunguka mbele ya tumbo langu.

Nilizima, nikakaa sakafuni. Kwanza nilijilaumu, nikidhani nimepaka grisi kupita kiasi. Baadaye nikachukua pimamaji, nikaiweka juu ya mkono wa chuma, na kile kiputo kikakimbilia nyuma chote. Fundi yeyote anajua mkono huo unatakiwa uinamie nyuma kidogo sana, unene wa karatasi, ili msumeno ukiachwa urudi wenyewe kwenye nguzo. Huu ulikuwa umeinamia mbele, kwa mtu.

Niliinama na tochi. Chini ya kila mguu wa nyuma kulikuwa na vipande viwili vya mbao ngumu vimepandana. Nilikuwa nimevisugua mwenyewe kwa brashi nikidhani ni sehemu ya miguu. Vilikuwa vimepigwa randa vizuri na kukazwa kwa skrubu. Skrubu za vipande vya kwanza zilikuwa zimeoza. Za vipande vya pili zilikuwa za aina nyingine, na ubao wake ulikuwa mpya zaidi. Kwenye ubavu wa kimoja mjomba alikuwa ameandika vipimo kwa penseli, kwa ule mwandiko wake wa kulala.

Nilimkuta nyumbani kwake, kwenye kiti cha barazani, anachokonoa meno kwa njiti ya kiberiti.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Inakata?"

"Inakata. Vile vipande chini ya miguu ya nyuma ni vya nini?"

Alichomoa njiti, akatazama kilichotoka, akakirudisha mdomoni. Nilitazama pembeni.

"Bega, mwanangu," alisema. "Kuvuta kulikuwa kunaniua. Nikainua nyuma kidogo, ikawa inanisaidia kuja."

"Viko viwili viwili."

"Cha kwanza hakikutosha."

"Cha pili uliweka lini?"

Alivunja njiti katikati, akatafuta pa kuitupa, akaishia kuiweka mfukoni mwa shati.

"Asubuhi ile," alisema. "Nilitaka kumwambia kaka yako. Wakati huo nilikuwa napiga polishi lile kabati la mwalimu, nikasema nimalize mlango mmoja kwanza. Nikasikia amepiga ukelele."

"Lakini alikuwa amelewa."

"Nani alikuwa amelewa?"

"Kaka. Alikuwa ananuka, mjomba. Nilisikia mwenyewe."

"Ah, ile spiriti," mjomba alisema, kama mtu anayekumbushwa alikoweka miwani. "Nilikuwa nimeshika chupa ya kuchanganyia polishi. Nikammwagia yote kwenye kidonda, ikamlowesha mpaka shati na suruali. Ulitaka nimmwagie maji ya ndoo?"

Nilimwambia yeye mwenyewe alikuwapo kwenye kikao cha ukoo. Alikaa karibu na mama, akasikia kila neno, akala na chakula.

"Mimi sikusema amelewa," mjomba alisema. "Uliyesema ni wewe. Mimi nilinyamaza tu."

Akavuta kohozi, akatema kwenye kopo lililokuwa kando ya kiti, akalifunika na kipande cha ubao. Nikaondoka bila kuaga. Nilimwona mchafu kuliko mashine yake, mchafu wa kutosafishika kwa mafuta ya taa, na mwendo wote wa kurudi nyumbani nilimtukana kimoyomoyo kwa majina ambayo hata mke wangu hajui kwamba ninayajua. Nilijisikia vizuri kiasi. Kisha nikafungua mlango wa karakana yangu.

Spiriti ilikuwa rafuni, chupa nne zimepangwa kwa mstari. Naichanganya na polishi kila wiki. Naijua kuliko ninavyoijua harufu ya shingo ya mke wangu. Naweza kukuambia, macho nimefumba, kama chupa imeachwa wazi tangu jana au tangu asubuhi. Nilifungua moja nikanusa, nikakumbuka mlango wa wodi. Ilikuwa hiyo. Haikuwa hata inafanana na pombe. Wakati ule nilikuwa tayari na miaka kumi ya useremala, lakini nilisimama mlangoni nikanusa spiriti ya polishi nikasema pombe, kisha nikamsikia kaka kwa mbali akiniambia kwamba mashine ilikuja yenyewe, nikarudi kwa mama nikasema amelewa mpaka anasema mashine ilimfuata.

Nilinawa mikono. Nikanawa tena. Hakukuwa na uchafu wowote mikononi.

Nitasema jinsi ilivyokuwa, hata kama inanuka. Nilivifungua vile vipande, vyote vinne, nikavitia kwenye gunia la kuni. Nikaipanga mashine upya mpaka msumeno ukawa unarudi nyuma wenyewe, na siku mbili nilikata mbao za rafu na zilitoka vizuri, sikuwahi kukata mbao vizuri namna hiyo. Sikumwambia mtu. Nilijiambia kwamba mambo yameshapita, kwamba kaka ameshazoea, kwamba mtoto ana mitihani. Hayo ya mitihani ndiyo yaliyonitia kichefuchefu hasa, kwa sababu nilijua ninachoogopa. Nikisema, nitampoteza. Binti aliniletea maji ya kunywa akaniuliza, "Baba, mbona umenywea? Panya amekuambukiza?" nikashindwa hata kucheka.

Jumapili mchana kaka alikuja kama kawaida yake. Hakuingia ndani ya nyumba. Aliona mlango wa karakana uko wazi, akaiona mashine, akasimama kizingitini. Sikuwa nimemwambia kwamba nimeinunua. Tulitazamana naye, kisha akaitazama tena, mkono mfukoni.

"Bado inakuja yenyewe?" aliuliza.

Ningeweza kujibu kwa namna nyingi. Ningeweza kumuuliza ana maana gani.

"Haiji tena," nilisema. "Nimeirekebisha."

Kaka aliitikia kwa kichwa taratibu. "Kwa hiyo umeona."

"Nimeona. Nimezungumza na mjomba. Njoo ndani, kaka."

Hakusogea. Binti akatokea nyuma yake na sinia la chai, akampa shikamoo, akapita akaniangalia usoni, akasimama. Alisema, "Kuna nini?" Nikamwambia aketi kwenye benchi. Nikamwambia na kaka tafadhali aingie, maana nitasema mara moja na sitaweza mara mbili.

Nikasema yote. Vipande vya mbao, bega la mjomba, mlango wa kabati, spiriti. Nilipofika kwenye spiriti binti alitazama zile chupa rafuni kisha akanitazama mimi.

"Kwa hiyo nani alisema amelewa?"

"Mimi."

"Ulimsogelea? Ulimnusa mdomo?"

"Hapana. Niliishia mlangoni."

"Kwa nini?"

Nilitafuta jibu jingine na sikulipata. "Kulikuwa na damu mpaka sakafuni," nilisema. "Na alikuwa ametapika. Niliona kinyaa."

Chai ilikuwa inatoa mvuke kwenye sinia na hakuna aliyeigusa. Binti hakulia wala hakunipandishia sauti, na ningependa angefanya moja kati ya hayo. Alimgeukia kaka.

"Na wewe mbona hukusema?"

"Nilisema," kaka alijibu. "Nilisema siku ileile, na nikasema kwenye kikao. Wakaniambia hayo ni maneno ya mlevi. Baadaye nikaanza kunywa kweli. Mwaka mzima nilikunywa. Basi nikawa sina tena la kusema."

"Na sasa?"

"Sasa nina miaka kumi sijaigusa."

"Nione mkono."

Kaka alisita. Sisi ndio tuliomfundisha kuuficha. Akautoa polepole, na binti akaushika kwa mikono yake miwili, akaugeuza, akapitisha kidole pale nyama ilipojikunja, pale ambapo miaka kumi na moja mimi nilikuwa sitazami. Alimuuliza kama panauma. Kaka akasema pakiwa na baridi tu. Walizungumza hivyo, habari za baridi na za glavu ya sufu ambayo mtu angeweza kuishona iwe na vidole viwili, kana kwamba mimi ni moja ya mashine.

"Leo nitakwenda kulala kwako, baba," binti alisema.

Kaka aliinua uso akanitazama. Alikuwa ananiomba ruhusa. Mtu niliyemnyang'anya mtoto kwa pua yangu alikuwa amesimama katika karakana yangu, anasubiri nimruhusu alale na mwanawe chini ya paa moja. Nimeona panya waliokauka na makamasi ya miaka ishirini, lakini sijawahi kuona kitu kilichonitia kinyaa kama mimi mwenyewe kwa dakika ile. Nilitikisa kichwa kukubali.

Binti alipanga nguo kwenye begi la shule. Mke wangu alimfungia vitabu na kitambaa, akarudi jikoni akafunga mlango, akafungulia bomba ili tusimsikie. Binti alinipita mlangoni. Aliniambia kuna sare yake kwenye kamba, ikikauka nisiipige pasi ya moto sana, nikasema sawa. Kaka alilibeba begi kwa mkono wa kushoto, akalining'iniza kwenye vile vidole viwili. Sikuwahi kujua kwamba vina nguvu.

Walipopotea kwenye kona nilivaa viatu nikaenda kwa mama. Ni mwendo wa mitaa miwili, na jua lilikuwa bado kali. Nilimkuta ukumbini, ungo mapajani, anachambua mchele. Aliitikia shikamoo yangu bila kuinua macho, akatupa kijiwe pembeni, kisha akatazama nyuma yangu kuelekea mlangoni, kama anavyofanya kila Jumapili.

"Mjukuu wangu leo hukuja naye?"

"Amekwenda kwa baba yake, mama."

"Baba yake si wewe hapa?" mama alisema, akacheka kidogo.

Nikavuta kigoda nikakaa karibu naye, nikamwomba aweke ungo chini kwanza.